Bastola kongwe ya shabaha: Feinwerkbau 65 au FAS 604, na nyingine mbili za kuvutia macho

"Shikamoo mjomba. Nimeona tatu za mtumba. Moja ya .22, moja ile ya James Bond, moja ina mkono ubavuni kama handibreki. Nichukue ipi?"

Ujumbe huu ulinikuta barazani, hapa Malindi, kahawa tungu bado inatoa moshi. Mpwa wangu anasoma Ujerumani, upande wa Stuttgart, na amejiunga na klabu ya shabaha ya kijiji anachokaa. Ananiuliza mimi kwa kuwa nilikaa nchi hiyo miaka kumi na tisa, kazi yangu kiwandani, na kila Alhamisi jioni nilikuwa chini ya ukumbi wa kijiji natoboa karatasi. Hapa kwetu ukitaja bastola watu wanafikiria polisi au jambazi. Kule nilikuwa nikisimama kando ya bibi wa miaka sabini na kitu, anafungua kisanduku chake, anapiga risasi zake sitini, anakula keki, anaaga, anakwenda kulala.

Nilimjibu kwa sauti, dakika kumi na mbili nzima. Baadaye vijana wengine wa kwetu walioko Ulaya wakaniuliza lilelile, nikaona niandike mara moja.

Nikisema kongwe nina maana ya bastola za mashindano zilizotengenezwa baina ya miaka ya 1950 na 1980, zile ambazo zamani mabingwa walizishika na leo zinauzwa pamoja na vyombo vya marehemu. Bastola mpya ya mashindano inamaliza akiba ya mwanafunzi kwa siku moja. Hizi za zamani zinagharimu sehemu ndogo tu ya bei hiyo, na mita 10 za kulenga za leo ni mita 10 zilezile. Unasimama, mkono mmoja umenyooka, mwingine mfukoni. Duara la pointi kumi lina kipenyo cha milimita 11.5, kama nusu ya upana wa sarafu ya shilingi. Bastola isizidi kilo 1.5, na kifyatulio kisikubali kwa uzito ulio chini ya gramu 500. Mchezo huu wa bastola ya upepo, ile inayosukuma risasi kwa hewa badala ya baruti, uliingia Olimpiki mwaka 1988, Seoul, lakini vilabuni ulikuwapo muda mrefu kabla ya hapo.

Nianze na zile mbili ninazomwambia aziache, nizimalize haraka.

Ya .22 aliyoiona ni Hämmerli 208, ya Uswisi, kutoka Lenzburg. Ni bastola nzuri, sitaisema vibaya. Ilianza miaka ya 1960, ikawa kipimo cha wengine katika mchezo wa mita 25, na kifyatulio chake kinakatika kama kijiti cha kioo. Ila ni silaha ya baruti. Ujerumani, ili uimiliki, lazima uwe mwanachama wa klabu mwaka mzima, unahudhuria mazoezi na kuandikishwa, upite mtihani, upate kadi ya umiliki, na uwe na kasha la chuma la kuifungia. Mpwa wangu ana miezi minne klabuni na chumba cha kupanga ambacho kabati lake halina hata mlango. Halafu kila risasi ina bei, na uwanja wenyewe uko mbali na kwake. Na jambo ambalo wauzaji hawalitaji: bastola ya .22 ukiifyatua tupu nyumbani kwa mazoezi, pini yake inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuutia alama, mpaka siku moja maganda yanaanza kugoma kutoka. Mtu anayejifunza anahitaji kufyatua tupu mara elfu. Hämmerli ingoje. Akifika siku yake, atie risasi za mwendo wa kawaida tu, asiipe zile kali. Chuma kile hakikutengenezwa kwa fujo.

Ile "ya James Bond" ni Walther LP53. Sean Connery, aliyeigiza Bond, alipigwa picha ameishika, picha zikaenda dunia nzima, na watu wakaamini ni silaha ya jasusi, kumbe ni bastola ya upepo ya kutobolea karatasi. Bastola yenyewe ya picha ile iliuzwa mnada wa Christie's, London, mwaka 2010, kwa zaidi ya pauni 270,000. Tangu hapo kila mwenye LP53 kabatini anajiona tajiri. Unaikoki, yaani unaitega, kwa kuukunja mtutu kuelekea chini, na springi yake imefichwa ndani ya mshiko. Ni ngumu kiasi kwamba kiwanda kilikuwa kinatoa kifuniko cha mbao cha kuweka kwenye ncha ya mtutu ili usiumize kiganja. Ukifyatua, pistoni inaruka, bastola inapiga teke dogo la ajabu, na peleti, kirisasi chake kidogo, inatoka polepole. Ukiutikisa mkono kabla haijatoka mtutuni umeipeleka kwa jirani. Kwa mkusanyaji ni kito. Ukiikuta na kisanduku chake, kile kifuniko cha mbao na vilengeo vyake vya akiba, shika na usiulize sana. Kwa mtu anayetaka pointi, hapana. Mimi niliwahi kuipiga ya mwenzangu msimu mmoja, na raha yake kubwa ilikuwa kuiweka mezani tuitazame.

Kuna pia za gesi za zama hizo, na za mtungi wa hewa zilizokuja baadaye, ambazo huonekana rahisi mno sokoni. Ya gesi ya kaboni hubadilisha nguvu kila joto linapobadilika, na mtungi wa hewa iliyobanwa una umri wake, mara nyingi miaka 10, na tarehe yake ikipita kwenye mashindano hawakuruhusu kuingia nao. Mtungi mpya wa bastola ya zamani, kama upo, unaweza kukugharimu kuliko bastola yenyewe. Zipite.

Sasa tumebaki na mbili ambazo ndizo hasa za kupimwa.

Feinwerkbau 65 ndiyo ile yenye mkono ubavuni. Kiwanda kiko Oberndorf, mji uleule wa kiwanda cha silaha cha Mauser, na waanzilishi wake walitoka huko huko Mauser baada ya vita. Namba 65 ni mwaka wake, 1965. Kabla yake, tatizo la bastola za springi lilikuwa lile teke: pistoni nzito inakimbia mbele, bastola inarudi nyuma, inatikisika, halafu ndiyo peleti inatoka. Watu wa kiwanda cha Diana, kule Rastatt, walilitatua kwa pistoni mbili zinazokimbia kinyume, moja mbele moja nyuma, zinauana nguvu. Uhandisi wa Giss huo, ndiye aliyeubuni, na Diana 6 yake bado ni nzuri, ingawa ukimpelekea fundi atakutazama kama umemletea saa ya msikiti. Feinwerkbau walichukua njia nyepesi. Waliweka mtutu na silinda juu ya reli. Ukifyatua, sehemu yote ya juu inateleza nyuma kidogo, mshiko ulio mkononi unabaki kimya. Mara ya kwanza nilipoipiga niliangalia nikidhani imegoma kutoka. Karatasi ilikuwa na tundu.

Utamu wa 65 uko katika vitu viwili. Cha kwanza ni kifyatulio. Kina hatua mbili zilizo wazi, unajua umefika ukutani, pale kinapokaza, halafu unangoja. Kuna swichi ndogo inayokibadilisha kutoka gramu 500 hadi uzito wa zaidi ya kilo moja, ili wapigaji wa bastola za baruti wafanye mazoezi nyumbani na uzito waliouzoea. Cha pili ni kwamba unaweza kuifunga ile reli, ukapata teke kwa makusudi. Kijana anayejifunza akipiga kumi na reli wazi, kumi na reli imefungwa, atajiona mwenyewe wapi mkono wake unadanganya.

Ubaya wake nao niuseme kwa sababu uliniuma mfukoni. Ile ya kwanza niliinunua kwa posta, kwa muuzaji aliyeandika kwamba "imekaa kabatini miaka ishirini, haijatumika". Nilifurahi, nikidhani kutotumika ni sifa. Plastiki za Ujerumani za miaka ile, zile washa na mipira ya kupokea kishindo, huoza zenyewe hata zikilala. Nilipoikoki mara ya tatu, vilitoka vijipande vya rangi ya kahawia, mithili ya makombo ya mkate wa mofa. Mpira wa ndani ulikuwa umekuwa unga. Niliipiga hivyohivyo siku mbili kwa ujinga, chuma kinagonga chuma, mpaka mzee mmoja wa klabu akasikia mlio akaninyang'anya. Vipuri vipo, na fundi anayeijua anaimaliza kwa mchana mmoja, lakini gharama hiyo uihesabu tangu mwanzo. Ukienda kuitazama, ikoki taratibu, chungulia mahali peleti inapoingia, pitisha kitambaa cheupe. Ukiona makombo, punguza bei au ondoka. Na usiache ule mkono ukiwa wazi kidole kiko ndani. Springi haina huruma.

Kisha lipo hili ambalo halimo katika maelezo ya muuzaji yeyote: ule mkono wa kukokia uko upande wa kushoto wa bastola. Mwenye kutumia mkono wa kulia anashika kwa kulia, anakoki kwa kushoto, kama kufungua mlango. Mpwa wangu ni wa mashoto. Tangu utotoni bibi yake alimpiga kofi kwa kulia chakula kwa mkono huo, na hakuacha. Kila risasi atalazimika kuihamisha bastola mkono hadi mkono. Sitini mara, na majaribio kabla yake. Inawezekana, wapo wanaofanya. Ila kila ukiushika mshiko upya, vidole vinakaa mahali papya, na shabaha yote ya bastola ni kushika palepale.

Ndipo ikaingia FAS 604, ambayo yeye hakuiona kabisa mpaka nilipomwambia aitafute.

Hii ni ya Italia. Kwa mtu wa Malindi si ajabu. Waitaliano wametuzoesha piza na aiskrimu, basi na bastola pia. FAS haina springi ya kusukuma pistoni. Unafungua sehemu yake ya juu kama mdomo wa mamba, ukaiinua kuelekea mbele, unaweka peleti, halafu unairudisha chini. Huko kurudisha ndiko kunakobana hewa, mara moja tu, na hewa hiyo hiyo ndiyo inayoisukuma peleti. Hakuna kitu kizito kinachokimbia ndani wakati wa kufyatua, basi hakuna teke, na hakuna haja ya reli. Mdomo ule uko juu, katikati, hauchagui kulia wala kushoto.

Jambo lililonifanya niipendekeze hasa ni mazoezi. Unaweza kukifanyia mazoezi kifyatulio bila hewa na bila peleti, chumbani, usiku, jirani hasikii kitu. Mwanafunzi asiye na nafasi ya kufika klabuni zaidi ya mara moja kwa wiki anapata humo nusu ya elimu yake. Ile Feinwerkbau, kama springi yoyote, haifai kufyatuliwa bila peleti, maana pistoni itafika mwisho bila kuzuiwa.

FAS nayo ina lawama. Kuifunga kunachosha. Kipande cha mwisho cha kushuka ndicho kizito, na ukifika risasi ya arobaini kiganja kinaanza kulalamika. Mtu mwembamba wa bega anahisi hadi kesho yake. Sauti yake ni kavu, haina ule mtelezo wa 65 ambao, sitaficha, mpaka leo naukumbuka. Kifyatulio chake ni kizuri lakini si cha 65. Ukiziweka mbili mezani na kunifumba macho, nitaitambua Feinwerkbau kwa kidole peke yake.

Kuipima ni rahisi kuliko 65. Ipe hewa, ielekeze kwenye kizuizi cha risasi, ngoja dakika tano nzima bila kuigusa kifyatulio, halafu piga. Mlio ukiwa uleule wa risasi iliyopigwa papo hapo, vali yake inashika. Ikitoa pumzi ya mgonjwa, kuna mpira wa kubadilisha, na mipira yake mingi ni ya mviringo ya kawaida, kazi ya saa moja. Umbo hilo halikufa: kampuni ya Chiappa walikuja kutoa FAS 6004 kwa muundo uleule, ukishindwa kupata ya zamani iliyo nzima. Ndugu yake wa Urusi, IZH-46 kutoka Izhevsk, hukokiwa kwa mkono ulio chini ya mtutu, nayo haichagui mkono. Ni ndefu na nzito mbele, sura yake ya trekta, lakini wanaoijua hawaiuzi.

Kwa hiyo kwa mtu wa mkono wa kulia, mwenye fundi karibu, anayetaka kuonja kitu ambacho mabingwa wa miaka ya 1970 walikishika: Feinwerkbau 65, na atenge pesa ya mipira. Kwa wa mashoto, au anayeanza, au anayeishi chumba kimoja: FAS 604. Nilimwambia hivyo, akaniuliza, "Na mshiko, mjomba? Zote zina mshiko wa kulia."

Hapo alinishika. Mishiko ya bastola za shabaha huchongwa kwa mkono maalumu, ina kitako cha kuegemezea kiganja na mahali pa kila kidole, na ya kushoto katika bastola za zamani ni adimu kama mvua ya Januari. Basi tukafanya kazi ya kizamani. Alikanda udongo wa kuchezea watoto, akaufinya kwa mkono wake wa kushoto, akaukausha, akautuma kwa mtu aliyekuwa anakuja likizo. Niliupeleka Lamu kwa fundi wa milango. Fundi aliugeuza-geuza, akaniuliza ni mpini wa panga gani huu. Nilipomweleza alicheka, akachukua kipande cha msaji, mbao yenye mafuta yake, haishindwi na jasho, akachonga siku mbili. Akataka kuutia maua pembeni. Nikamwomba asitie.

Kipande cha mbao kilirudi Ujerumani kwenye sanduku la nguo. Bastola yenyewe haitakuja huku, na hili nalisema kwa yeyote anayedhani kwamba kwa kuwa ni ya upepo basi ni ya kuchezea. Ujerumani, bastola ya upepo isiyozidi joule 7.5, yenye alama ya F ndani ya umbo la pembe tano, mtu wa miaka 18 anainunua dukani kama pasi ya umeme. Za kabla ya mwaka 1970 huwa hazina hata hiyo alama, na muuzaji mzuri atakuonyesha ni ya lini. Kenya ni mambo mengine. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha. Kuimiliki ni leseni ya Bodi ya Leseni za Silaha, kuingiza nchini ni kibali kabla hujapanda ndege. Ukiitia begini ukasema "ni ya michezo tu", utayaeleza hayo uwanja wa ndege ukiwa umekaa kwenye benchi.

Hata sheria ingeruhusu, bahari isingeruhusu. Cherehani ya mke wangu naipaka mafuta kila wiki msimu wa kusi na bado inatoa kutu kwenye skrubu. Feinwerkbau yangu nimemwachia kijana wangu mkubwa hukohuko, ipo kwenye chumba kikavu, inapigwa. Mimi hapa nabaki na chupa ya maji ya lita moja. Inakaribia uzito wa bastola. Naishika mkono umenyooka, natazama doa la chokaa ukutani, nahesabu mpaka ishirini, nashusha. Wajukuu wamezoea. Wageni ndio wanaogopa.

Mawili matatu ya matumizi, kwa kuwa alinunua FAS. Peleti ziwe zile za kichwa bapa, kwa sababu hukata tundu la mviringo safi na hamna ubishi wa pointi. Kopo la 500 linamtosha wiki kadhaa. Peleti ni risasi kwelikweli, yaani madini ya risasi, kwa hiyo asile biskuti kabla ya kunawa. Miwani machoni, kizuizi cha chuma nyuma ya karatasi, na mlango wa chumba ufungwe kwa ufunguo. Ndani ya silinda ya hewa asitie mafuta ya cherehani hata tone. Atie yale ya silikoni ya mipira. Akishafyatua, aendelee kulenga kana kwamba hajafyatua, ahesabu mbili, ndipo ashushe mkono. Peleti za upepo ni za polepole, mkono una nafasi ya kuharibu baada ya kidole kumaliza kazi.

Jumapili iliyopita alinitumia picha ya kadi yake ya kwanza na mshiko wa msaji. Risasi kumi, pointi 71. Nilimwuliza ziko wapi kadi za kabla ya hiyo. Akanitumia emoji ya kucheka, na mpaka sasa sijaziona.